Mahali Msasa Haupiti

Msasa namba elfu moja hulia. Huu wa elfu mbili hunong'ona tu, na ndiyo maana nimezima redio. Nimelilaza gitaa chali juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Nyuzi nimeshazitoa, shingo nimeivika gazeti, na kila tundu la skrubu nimelijaza nta ya mshumaa ili maji yasipenye yakauvimbisha mti. Nachovya msasa katika bakuli la maji ya sabuni, nasugua kuelekea dirishani mara ishirini, nafuta kwa kitambaa, nainama kutazama. Nachovya tena. Mkono ukikaribia ukingo wa juu, pale ambapo mkono wa mpigaji hulala, unapinda wenyewe, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Hapo pana doa dogo, si kubwa kuliko punje ya mahindi, ambapo rangi hakuna na mti uko wazi. Nimelizunguka doa hilo kwa miaka saba.

"Ombati," anasema Machuki, mwenye karakana, kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. "Hiyo kitu unaibembeleza kama mtoto ako na surua."

"Bado ina mikwaruzo."

"Mimi sioni mkwaruzo."

"Ngoja jua liiname. Utaiona."

Machuki hucheka kwa pua. Tumekaa naye hapa Rongo, kando ya barabara kuu, tangu nikiwa na nywele zote. Yeye hupasua mbao na kupiga misumari. Mimi hufanya zing'ae. Tunatengeneza majeneza. Sofa pia, na mara mojamoja mimbari ya kanisa, lakini watu wanatujua kwa majeneza.

Kung'arisha hakuna aliyenifundisha. Niliteremka kutoka vilima vya Kisii nikiwa kijana, nikamkuta Machuki akipaka vanishi kama mtu anayepaka ukuta chokaa, na nikaona kwamba ubao ule ulikuwa na uzuri ambao haukuwa umeitwa. Nikaanza kuuita. Niliharibu mbao nyingi. Niliandika katika daftari la mtoto wangu kila nilichokosea, na nilipokosea mara ya pili niliandika tena, kwa herufi kubwa zaidi. Baada ya miaka mitano daftari lilijaa, nikajua kazi.

Ila nilijua kazi ya jeneza. Jeneza hutazamwa mchana mmoja. Waombolezaji hukaa wameinamisha vichwa, kwa hiyo macho yao huangukia kwenye kingo na pembe, na wabebaji hushika hapo hapo. Fundi mwenye akili husugua kingo mara tatu zaidi ya mahali pengine. Upande wa chini hausuguliwi kabisa. Na kama kuna mahali mbao imepasuka, unajaza, unapaka, unapitisha polishi, jioni inakuwa imeingia ardhini. Katika miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kurudisha jeneza.

Mwenye gitaa hili, Emmaculate, alikuja Jumanne moja ya mwezi wa nane, miaka saba iliyopita, saa nne asubuhi. Mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa cha manjano, mgongoni mkoba mweusi ambao nilidhani ni wa kubebea mtoto.

"Pole kwa msiba, madam," nikamwambia, kama ninavyomwambia kila anayeingia.

Alisimama. "Msiba gani? Nani amekufa?"

"Samahani. Wengi wanaokuja hapa…"

"Wewe fundi, hujanisalimia na tayari umenizika!" Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mafuta yanayochemka. Alikuwa akikaanga samaki Mbita, karibu na kivuko. Alikuwa anatoka Migori, ameliona jeneza letu la mbele akiwa ndani ya gari, akamwambia dereva asimamishe. Alilizunguka. Aliliinamia mpaka uso wake ukaonekana kwenye kifuniko.

"Hii umepiga na mashine?"

"Na mkono."

"Yote?"

"Upande wa chini sijapiga. Hauonekani."

Alifungua ule mkoba, akatoa gitaa la umeme. Lilikuwa jekundu, wekundu mzito wa kitu kilichoiva, lakini lilitoka kiwandani likiwa limefifizwa makusudi, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akanionyesha ukingo wa juu. Pale, mahali pa upana wa kiganja, ukungu ulikuwa umeondoka na rangi iling'aa kama maji.

"Hapa sijapaka kitu," akasema. "Ni mkono yangu tu. Miaka mitatu nikipiga, mkono inalala hapa, inasugua. Sasa nikafikiria: kama mkono ya mtu wa samaki imeweza hapa, mkono ya fundi si itaweza hii ingine yote?"

Sijawahi kusikia hoja ya ufundi iliyonyooka kuliko ile.

Nilimwuliza kwa nini alitaka ling'ae. Akanieleza bila haya. Alikuwa gitaa la pili katika bendi ya mtu anayeitwa Willis, na mahali pa gitaa la pili ni nyuma, kando ya ngoma. Walikuwa wamepiga Homa Bay chini ya taa, na watu walipouliza ule mlio mtamu unatoka wapi, Willis akasema kwenye maikrofoni kwamba kuna mama amesimama kule gizani na sufuria yake yenye masizi. Umati ulicheka. Yeye pia alicheka. Sasa Tony, mpiga gitaa la kwanza, alikuwa amehamia Nairobi, na Jumapili walikuwa na harambee Magunga. Willis alimpa siku hiyo moja.

"Aliniambia, Nyar Mbita, ukitaka kusimama mbele, kuja kama mtu wa mbele. Nikikosa Jumapili, anachukua kijana wa Oyugis. Nitakaa nyuma mpaka nizeeke."

Nyar Mbita, binti wa Mbita, ndivyo alivyoitwa kwenye bendi. Sikuwa nimewahi kugusa gitaa. Nilimwambia hivyo. Akasema hata yeye, siku ya kwanza, hakuwa amewahi.

Tulikubaliana angelichukua Ijumaa adhuhuri, kabla sijafunga kwa ajili ya Sabato. Alipofika mlangoni aligeuka, akayatazama majeneza. "Kitu moja tu, fundi. Usiku isilale ndani ya sanduku."

"Haitalala."

"Wewe unacheka, mimi sichezi."

Kwa hiyo kila jioni nililifunga kwa shuka na kulibeba nyumbani, nikaliweka juu ya kabati, na mke wangu Nyaboke akawa anawakemea watoto wanyamaze kana kwamba kuna mgeni amelala.

Kazi yenyewe ilinipendeza kupita nilivyotarajia. Kwenye jeneza unaongeza: vanishi juu ya vanishi mpaka inang'aa. Hapa huongezi kitu. Unaondoa. Ukungu wa gitaa lile ulikuwa vilima vidogo visivyoonekana kwa jicho, na msasa wa maji unavisawazisha, namba baada ya namba, kila namba ikifuta mikwaruzo ya ile iliyoitangulia. Ukiwa na haraka, mkwaruzo mmoja wa namba ya mwanzo unabaki chini na unakungoja mwishoni. Jumatano jioni upande wa mbele ulianza kuona. Nilisimama juu yake nikaliona paa la mabati, boriti, na kichwa changu kikiwa na umbo la yai.

Alhamisi nilifika kwenye kingo.

Mkono una mazoea yake, na mazoea yangu yalikuwa ya miaka kumi na tisa. Kingo, mara tatu zaidi. Nilipita ukingo wa chini, nikapita wa pembeni, nikafika ule wa juu ambao mkono wa Emmaculate ulikuwa umeshaula kwa miaka mitatu. Nilisahau kwamba rangi huwa nyembamba zaidi kwenye ukingo, na kwamba mahali palipong'aa pamekwisha kupungua. Muda wote huo maji ya sabuni yalikuwa yakitoka meupe kama maziwa. Niliposikia mlio umebadilika, nilitazama chini. Maji yalikuwa mekundu.

Nilifuta. Punje moja ya mti mweupe ilinitazama.

Machuki alikuja akaangalia, akapiga mluzi. "Hiyo ni kitu ya nusu saa," akasema. "Si ni wewe ulificha ufa wa mkono mzima kwa ile jeneza ya mwalimu?"

Ni mimi. Nilichukua rangi ya unga, nikaikoroga na polishi ya spiriti, nikapata wekundu ule ule. Nikapaka tone kwa ncha ya kijiti, nikangoja, nikapaka tena. Mara nane. Asubuhi ya Ijumaa nikasugua dawa ile wanayotumia kung'arishia magari, duara ndogo ndogo, kitambaa kikavu, pumzi, kitambaa. Nililitafuta doa kwa dole gumba huku nimefumba macho, sikulipata.

Emmaculate alipoliona aliliinua mpaka usoni. Alijitazama ndani yake. Akarekebisha kitambaa cha kichwa, taratibu, kama aliye mbele ya kioo cha saluni. Aliniletea samaki wawili wakubwa, ngege waliokaangwa, wamefungwa kwenye karatasi. "Nyinyi Wasabato si hamkuli ile haina magamba," akasema. "Kwa hivyo sikuleta mumi."

Nilipokea kwa mikono miwili. Sikumwambia.

Samaki wale walikuwa watamu, na hilo ndilo lililonisumbua. Nilikula na familia yangu jua likizama, tukaimba, tukaikaribisha Sabato, na kila mfupa niliouweka kando niliuona kama jambo ninalolijua na sijalisema.

Kesho yake kanisani nilikaa nyuma ya Mzee Angwenyi. Mabenchi yale nilikuwa nimeyarekebisha mimi, kwa polishi ile ile ya spiriti, kwa sababu hukauka haraka. Kulikuwa na joto. Mzee alikuwa na shati jeupe, na wakati wote wa mahubiri mkono wake ulilala juu ya mgongo wa benchi, ukitoa jasho. Aliponyanyuka kuomba niliona mkono wa shati. Kutoka kiwiko hadi kifundo ulikuwa na mstari wa rangi ya kahawia.

Sikusikia lile ombi. Nilikuwa Magunga tayari. Niliuona mkono wa Emmaculate umelala juu ya ukingo, saa ya kwanza, saa ya pili, jua la kule, jasho, ile polishi yangu ikilegea tone baada ya tone. Nilikumbuka alivyosema bendi yote ingevaa shati jeupe. Mstari mwekundu kwenye mkono wake, mbele ya watu wote, na Willis akiwa na maikrofoni.

Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Baada ya jua kuzama niliibonyeza mara tatu, na mara tatu nilikata kabla haijalia. Ningemwambia nini? Hakuwa na spiriti, hakuwa na kitambaa, hakujua pa kugusa. Na kusema kweli, sauti ya mtu aliyedanganywa ni rahisi kuivumilia kwenye simu kuliko uso wake, na nilihisi sikustahili urahisi huo.

Jumapili alfajiri niliondoka na chupa ya spiriti, pamba, kipande cha mshumaa. Nilifika Homa Bay kukiwa na ubaridi wa ziwa, na kutoka huko nikapanda pikipiki mpaka Magunga nikawa mwekundu wa vumbi kuliko gitaa lenyewe. Hema lilikuwa limekwisha kusimama kwenye uwanja wa shule. Nilimkuta nyuma ya spika, amekalia kreti la soda, gitaa mapajani, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Fundi!" Alifurahi. Halafu akaniangalia vizuri. "Kuna nini?"

Nilipiga magoti kwenye nyasi ili niwe karibu na ukingo ule, nikamwonyesha mahali. Nilimwambia yote kwa mpangilio: kingo za majeneza, maji mekundu, kijiti, mara nane, benchi la Mzee Angwenyi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alipitisha kidole mahali pale.

"Mimi siskii kitu," akasema.

"Ndiyo. Niliifanya vizuri."

Alikiangalia kidole chake. Bendi ilikuwa inajaribu vyombo. Mtu alikuwa akihesabu moja, mbili, moja, mbili.

"Kwa hivyo Ijumaa, vile nilikuwa najiangalia kama mjinga, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na samaki ukakula."

"Nikala."

Alitazama mbali, kwenye vilima vya Ruma. Nilifikiri angeondoka, na angekuwa na haki. Badala yake alinyoosha mkono. "Leta hiyo chupa."

"Naweza kuongeza rangi tena. Ukivaa kitambaa mkononi, itavumilia saa mbili…"

"Leta chupa, ja-Kisii."

Alilowesha pamba mwenyewe, akafuta. Spiriti haikuigusa rangi ya kiwandani. Iliondoa ya kwangu tu. Pamba ikawa nyekundu, na ile punje ya mti ikatokea, nyeupe kama kiini cha muhogo. Alinirudishia pamba. Nilisugua mshumaa juu ya doa ili jasho lisiingie, nikapaka mpaka likawa laini.

Willis alikuja akivuta mkanda wa suruali, mtu mnene mwenye kofia nyeupe. "Nyar Mbita! Umeleta gitaa ama kioo? Ngoja nitoe wembe ninyoe ndevu." Aliinama akiigiza kunyoa, ndipo akaliona. "Na hii? Panya amekula?"

Nilifungua mdomo. Emmaculate alisimama, akajivika mkanda wa gitaa. "Hiyo ni jicho, Willis. Ya kukuangalia ukikosea mwimbo."

Wapiga ngoma waliangua kicheko. Willis naye akacheka, na akasogea kando, na katika nafasi ile aliyoiacha Emmaculate akapita, akaenda mbele.

Mimi si mtu wa muziki wa aina ile. Kanisani kwetu gitaa la umeme ni jambo linalohitaji kamati. Lakini nilisimama karibu na nguzo ya hema nikasikia, na naweza kusema tu kwamba nyuzi zile ziliongea kwa haraka na kwa usafi, kama mtu mwenye mengi ya kusema ambaye amengojea zamu yake kwa miaka mitatu. Jua lilipiga kwenye gitaa, na mwanga wake ukawa unatembea juu ya nyuso za watu, juu ya hema, ukapita kifuani mwangu, ukarudi.

Wana desturi yao kule. Katikati ya wimbo mtu anaruhusiwa kuusimamisha, anakuja mbele, anachanga, halafu anajisifu kwenye maikrofoni: yeye ni nani, ni mtoto wa nani, ana nini ambacho wengine hawana. Walikuja wengi, mwenye ng'ombe, mwenye mashua, mwenye wake. Kisha Emmaculate mwenyewe akausimamisha wimbo, akaivuta maikrofoni kwake. Alisema kwa Kiluo, ambacho sikijui. Nilisikia maneno yakipanda, na katikati yake nikasikia wazi: Ombati. Rongo. Umati ukalipuka kwa kicheko. Watu waligeuka wakitafuta.

Masikio yalinichoma. Nikawaza, basi, na iwe; nimestahili. Nilimgusa bega mama aliyekuwa kando yangu, jina lake Leonida kama alivyoniambia baadaye, nikamwuliza amesema nini.

Alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Anajisifu. Anasema nyinyi wengine magitaa yenu yametengenezwa na mafundi wa walio hai. Yake imeng'arishwa na Ombati wa Rongo, yule wa majeneza, kwa hivyo hata akifa saa hii akipiga, atafika akiwa anang'aa." Alivuta pumzi. "Na anasema ile gitaa iko na jicho moja, na huyo fundi ametoka Rongo, mbali hivyo, kuja kuifungua. Wewe unamjua huyo fundi?"

"Kidogo," nikasema.

Muziki uliendelea. Alipomaliza, shati lake lilikuwa limeloa mpaka mgongoni, na mkono wa kulia wa shati ulikuwa bado mweupe.

Alikaa mbele tangu siku hiyo. Kila mwaka, mwezi wa nane, hulileta gitaa hapa kwa siku nne, kwa sababu jasho na vumbi hurudisha ukungu, na kila mwaka hunikumbusha mambo mawili: lisilale ndani ya sanduku, na nisiguse jicho. La pili halina haja ya kusemwa. Mti ule si mweupe tena. Mkono wake umeupa rangi ya asali, na unang'aa, mng'ao wa ndani ambao msasa wangu hauujui. Huwa nauangalia kama ninavyoangalia kazi ya fundi mwingine.

Kwenye jalada la daftari lile lililojaa niliongeza mstari mmoja tu mwaka ule, kwa herufi za kawaida. Tangu hapo nasugua majeneza upande wa chini pia. Machuki alinivumilia wiki mbili kabla ya kuuliza.

"Sasa udongo nao unataka kujiona kwa kioo?"

Yeye huendelea kuuliza, nami huendelea kusugua.

Simu inatetemeka juu ya benchi. Nakausha mkono.

"Fundi, umefika wapi?"

"Mbele nimefika elfu mbili."

"Na ile kitu?"

"Iko. Inaniangalia."

"Vizuri. Mwambie Machuki nitaleta ngege Ijumaa, na asimalize peke yake kama mwaka jana."

Machuki, ambaye amesikia, anajifanya anatafuta nyundo.

Jua limeinama sasa. Mwanga unaingia kwa dirisha ukiwa umelala, na juu ya wekundu ule mikwaruzo inajitokeza yote, myembamba kama nywele za mtoto, ikielekea upande mmoja. Machuki anakuja, anainama, anashusha miwani puani.

"Aa," anasema. "Kumbe iko."

"Iko."

"Utatoa leo?"

Natazama dirisha. Zimebaki dakika kumi za mwanga wa kuaminika, na dakika kumi ni haraka. Namwaga maji ya sabuni, nayo ni meupe. Nauosha msasa na kuuanika. Nalikausha gitaa, nalifunga shukani, nalibeba kifuani, na Machuki ananifungulia mlango kama anavyowafungulia wabebaji.

Kesho nitaanza na namba elfu mbili na mia tano. Kisha nitaligeuza, nifanye upande wa nyuma, ule unaolala juu ya tumbo lake na ambao hakuna anayeuona.